Tukuyu Stars iache kusubiri tajiri, igonge mlango wa chuo

KILA Ligi Kuu inapofika ukingoni na mjadala wa ubingwa kubaki ule ule wa Simba na Yanga, kijiweni hakosi mtu wa kulitaja jina la Tukuyu Stars. Mwaka 1986. Timu ngeni kutoka mji wa mvua, migomba na chai ilibeba ubingwa wa Bara mbele ya vigogo wa Kariakoo. Wazee wa Rungwe wakiisimulia hadithi hiyo, sauti inabadilika kabisa. Banyambala! Kwa Kinyakyusa maana yake wanaume, na mwaka ule jina liliwakaa.

Waliowahi kuwapora Simba na Yanga ubingwa wanahesabika. Kuna Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Pan African 1982, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000, halafu Azam 2014. Tazama vizuri nani alisimama nyuma ya nani. Mtibwa ilikuwa na kiwanda cha sukari. Azam ina kampuni kubwa. Coastal ina jiji zima la Tanga na bandari yake. Tukuyu ilikuwa na nini? Mji mdogo kando ya barabara ya Mbeya kwenda Kyela, uwanja wa Tandale na watu wenye mapenzi.

Mapenzi yalitosha kubeba kombe, hayakutosha kulitunza. Tukuyu Stars leo iko mbali na Ligi Kuu, na kijana anayekwenda uwanjani sasa hajawahi kuiona ikicheza na Simba au Yanga mechi ya maana. Anachojua kasimuliwa na baba, pengine na babu.

Kila linapokuja suala la kuifufua, wimbo ni mmoja: atafutwe tajiri. Zinafanyika harambee, mfanyabiashara mmoja anaahidi jezi, mwanasiasa anaahidi basi, uchaguzi ukipita kimya. Timu za wilayani zimezoea maisha hayo nchi nzima. Tajiri akichoka, timu inachoka. Tajiri akigombana na viongozi, timu inauzwa na kubadilishwa jina, mashabiki wanaamka asubuhi timu yao imehamia mkoa mwingine. Hili Wabongo wamelishuhudia mara nyingi kiasi kwamba halishangazi tena.

Sasa hapa ndipo penye hoja. Tukuyu haina kiwanda cha sukari wala bandari, lakini ina kitu ambacho miji mingi ya ukubwa wake haina. Ina vyuo. Kuna Chuo cha Ualimu Tukuyu, kuna Chuo cha Ualimu Mpuguso, kuna chuo cha uuguzi, kuna chuo cha maendeleo ya wananchi Katumba, na kuna sekondari kibao kuanzia mjini hadi kwenye miteremko ya Mlima Rungwe. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo shule na kanisa vimekwenda pamoja. Huu ni mji wa wanafunzi. Wao ndio wanapanga vyumba, wao ndio wanakula chipsi jioni, wao ndio wanapanda bodaboda wikiendi. Kwenye soka, hata hivyo, mji unaishi kana kwamba wanafunzi hao hawapo.

Wenzetu Marekani wana miji ya namna hii, na kwao mji wa chuo bila timu ni kama harusi bila ngoma. Mtanzania mmoja aliwahi kuishi humo na dunia nzima ikamwona. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, hakwenda NBA moja kwa moja. Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, na chuo hicho hakipo New York wala Boston. Kipo Storrs, kijiji kilichozungukwa na mashamba na mazizi ya ng'ombe wa maziwa. Chuo chenyewe kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, kwenye ardhi iliyotolewa na ndugu wawili wa ukoo wa Storrs. Mpaka leo chuo kinafuga ng'ombe na kinauza aiskrimu ya maziwa yake.

Mtu wa Rungwe akisikia habari za ng'ombe wa maziwa na baridi, anajiona nyumbani. Ila Storrs hiyo hiyo imechukua ubingwa wa kikapu wa vyuo kwa wanaume mara sita: 1999, 2004, 2011, 2014, 2023 na 2024. Wanawake wao ni balaa zaidi, wana mataji 12. Thabeet akiwa pale alifika na timu hiyo nusu fainali ya taifa mwaka 2009, akachaguliwa mchezaji bora wa kuzuia wa ligi yao mara mbili, na mwaka huo huo akachukuliwa namba mbili kwenye usajili wa NBA na Memphis Grizzlies. Jamaa alitoka kijijini na digrii ya kikapu mkononi.

Ipo na State College, Pennsylvania. Mji wenyewe una wakazi kama 40,000 tu, lakini uwanja wa chuo chao unaingiza zaidi ya watu 106,000. Siku ya mechi mji unakuwa mkubwa kuliko wenyewe. Hoteli zinajaa, mama muuza chakula anauza, mwenye nyumba anapangisha mpaka sebule. Wanaojaa ni wanafunzi wa sasa, waliosoma pale miaka 30 iliyopita, na wenyeji ambao hawakusoma kabisa ila wamezaliwa wakiikuta timu.

Siri yao haiko kwenye ukubwa wa uwanja. Siri ni kwamba timu haina mwenye mali anayeweza kuamka na hasira akaondoka nayo. Chuo hakihami. Chuo hakifilisiki kwa sababu straika kakosa penalti. Kila mwaka kinapokea vijana wapya na kila mwaka kinatoa wahitimu wanaosambaa nchi nzima na jina la timu moyoni. Huyo mhitimu akipata kazi, anakumbuka. Akipata zaidi, anachangia. Hivyo ndivyo timu inavyoishi miaka mia bila kubadilishwa jina.

Hapo msomaji atasema: "Acha hizo, Marekani wana hela." Ni kweli. Kuanzia Julai 2025 vyuo vyao vimeruhusiwa hata kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na fedha zinazozungumzwa pale ni mamilioni ya dola. Rungwe haiwezi hayo na haina haja ya kuyaota.

Basi tusiende mbali. Twende Kitende, Uganda, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Pale kuna sekondari ya St Mary's, na pembeni yake kuna uwanja wa Vipers. Klabu ile zamani ikiitwa Bunamwaya, ikachukuliwa na mwenye shule, Lawrence Mulindwa, ikaunganishwa na mfumo wa shule. Vijana wanasoma na kucheza hapo hapo, wakiiva wanapanda timu kubwa. Leo Vipers ni mabingwa wa Uganda mara nyingi tu, na mwaka 2022 waliitoa TP Mazembe kwa penalti Lubumbashi na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mashabiki wa Simba wanawakumbuka. Februari 2023 Mnyama alikwenda Kitende akahangaika mpaka Henock Inonga alipofunga bao pekee, na marudiano Dar ikaamuliwa na bao moja la Clatous Chama. Timu ya shule iliwatoa jasho vigogo wa Bongo mechi mbili mfululizo.

Ni kweli, Kitende nako kuna tajiri. Tofauti yake ni kwamba fedha zilizikwa kwenye kitu kinachozaa. Badala ya kununua wachezaji 25 kila dirisha na kuwaacha 20 msimu ukiisha, zilijengwa bweni, kiwanja na utaratibu. Tajiri wa namna hiyo hata akichoka leo, bweni halichoki.

Hata nyumbani mfano upo. Dodoma kuna Fountain Gate, jina lililotoka shuleni na kufika Ligi Kuu. Wasichana wa shule hiyo ndio waliokwenda Durban mwaka 2023 na kurudi na ubingwa wa Afrika wa soka la shule. Walikuwa watoto wa sekondari, wenye madaftari kwenye mabegi, wakawapiga wenzao wa bara zima. Hakuna aliyesema masomo yamewazuia.

Ukiitazama Ligi Kuu yetu miaka ya karibuni, utaona timu zinazodumu ni zile zenye taasisi mgongoni. Prisons ni Magereza. JKT ni JKT. Mashujaa ni jeshi. Kagera na Mtibwa ni viwanda vya sukari. KMC na Dodoma Jiji ni halmashauri. Mbeya City ilianzia halmashauri ya jiji, na msimu wake wa kwanza wa 2013/14 chini ya kocha Juma Mwambusi ilimaliza ya tatu, juu ya Simba. Nyanda za Juu Kusini walipata mzuka upya, Sokoine ikajaa. Hiyo ndiyo nguvu ya taasisi ikikutana na watu wenye kiu ya mpira.

Swali ni jepesi. Kama jeshi linaweza, kama gereza linaweza, kama kiwanda cha sukari kinaweza, kwa nini chuo kishindwe? Au tumeamini kwamba mwalimu mtarajiwa kazi yake ni kushika chaki tu?

Kwa Tukuyu hesabu inakubali kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Mwanachuo wa ualimu ana umri ule ule wa mchezaji. Ana pa kulala, ana pa kula, anapatikana jioni. Timu nyingi za ligi za chini zinakufa kwa mambo hayo matatu kabla hata ya kufikiria posho. Mchezaji analala kwa mjomba, anashinda na njaa, mazoezini anakuja kwa miguu, halafu Jumapili anatakiwa akimbie dakika 90. Chuo kinayamaliza matatizo hayo bila kumuita tajiri yeyote.

Halafu kuna kiwanja. Viwanja vya shule na vyuo vipo, vingine vikichezewa mara mbili kwa wiki, vingine vikilishwa mbuzi. Rungwe inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nyasi zinaota zenyewe. Mikoa mingine wanalia kutafuta maji ya kumwagilia, Tukuyu kazi ni kufyeka tu na kuchimba mitaro ili maji yasituame. Ni kazi ya jembe na mikono, na mikono vyuoni haijawahi kukosekana.

Kikubwa zaidi ni kwamba chuo cha ualimu kinazalisha walimu. Mwalimu aliyefundishwa misingi ya soka vizuri, akipangiwa shule Mwakaleli, Kiwira, Masoko au popote nchini, ni skauti aliyesambazwa bure. Yeye ndiye atamwona mtoto wa darasa la tano mwenye mguu wa kushoto mtamu. Yeye ndiye atampeleka UMITASHUMTA, kisha UMISSETA. Leo mtoto huyo anaonekana kwa bahati, mara nyingi kwenye ndondo, akiwa na miaka 22 na makosa ambayo hakuna kocha anayeweza kuyafuta tena.

Tunajua gharama ya kuutenga mpira na shule, kwa sababu tulishailipa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo shuleni yalisimamishwa, na soka letu likalia kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Mashindano yalirudi, lakini mwalimu wa michezo katika shule nyingi bado ni yule aliyekuwa na kipindi tupu kwenye ratiba. Anapewa filimbi na mpira mmoja uliopasuka, anaambiwa atoe mabingwa.

Faida nyingine watu huwa hawaiongelei, nayo ni ya fedha. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Sikiliza vizuri neno lenyewe: klabu. Shule peke yake haihesabiki kama haijaunganishwa na klabu iliyosajiliwa na mchezaji hana kumbukumbu za usajili. Kwa hiyo kijana wa Rungwe akilelewa na shule tu, akaondoka, akafika Ulaya, mji uliomlea unaweza kuambulia kupiga makofi mbele ya televisheni. Klabu na vyuo wakisaini makubaliano na kusajili vijana wao kwa karatasi, siku moja bao la mtu mmoja linaweza kujenga jukwaa Tandale. Sekilojo Chambua alitoka Tukuyu Stars akaenda kuwa mfalme wa kiungo Yanga. Chambua mwingine akitokea, mji usibaki na picha tu.

Wapo watakaosema wanachuo ni wapita njia, wanasoma miaka michache na kuondoka, timu haiwezi kutulia. Ni hoja nzito, ila inajibika. Timu haitakiwi kuwa ya wanachuo watupu. Uti wa mgongo uwe vijana wa wilaya na wachezaji wenye uzoefu, wanachuo waongeze damu. Tena ukweli ni kwamba hata hizo timu zetu zisizo na chuo hubadilisha nusu ya kikosi kila dirisha la usajili. Afadhali mchezaji anayejulikana ataondoka lini kuliko yule anayetoroka usiku kwa sababu ya mshahara wa miezi minne.

Wengine watahofia masomo. Nao wasikilizwe. Ratiba ya mazoezi ifuate ratiba ya chuo, na anayefeli asicheze mpaka arekebishe. Wamarekani wana sheria hiyo, na wanapoivunja aibu huwakuta. Hapa isiwe karatasi tu.

Hofu ya tatu ni kubwa kuliko zote na haisemwi kwa sauti. Timu ikipendwa kupita kiasi, watu huanza kuilinda hata inapokosea. State College hiyo hiyo iliyosifiwa hapo juu iliumbuka mwaka 2011, kocha msaidizi wa zamani wa timu ya chuo aliposhtakiwa kwa kuwanajisi watoto, na ikadhihirika wakubwa walikuwa wameambiwa mapema wakashindwa kuwalinda watoto hao. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani. Mpango wowote wa kukusanya watoto na mabinti kwenye kambi Rungwe uanze na jambo hili: nani analala wapi, nani ana funguo, mtoto akisumbuliwa anamwambia nani, na huyo anayeambiwa hawi kocha yule yule. Ubingwa wa 1986 ni mtamu, lakini hakuna kombe linalolingana na mtoto mmoja.

Na tukitaja mabinti, hapa Tukuyu inaweza kuwahi kabla wengine hawajaamka. Soka la wanawake nchini linakua, na programu ya Mpira Fursa tayari inatumia vyuo vya maendeleo ya wananchi kuwafundisha wasichana mpira pamoja na ufundi. Rungwe ina chuo cha aina hiyo, ina wanachuo wa uuguzi, ina walimu watarajiwa wa kike. Timu ya wanaume italazimika kupanda ngazi ndefu, kuanzia ligi ya mkoa, Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Kwa wanawake foleni ni fupi zaidi. Banyambala ni wanaume, sawa, lakini dada zao wakitangulia kufika hakuna atakayewafukuza uwanjani.

Nini kifanyike kesho asubuhi? Wala hakihitaji harambee. Viongozi wa Tukuyu Stars, chama cha soka cha wilaya, wakuu wa vyuo na ofisa michezo wa halmashauri wakae meza moja. Waandike makubaliano ya kurasa mbili: klabu ipewe kiwanja cha chuo kwa siku maalumu, wanachuo wenye kipaji wasajiliwe, wanachuo wengine wapewe kozi ya awali ya ukocha na kusimamia timu za vijana chini ya miaka 15 na 17 kwenye shule za jirani. Halmashauri ilipie kozi hizo, ni fedha ndogo kuliko sherehe nyingi. Ligi ya shule ichezwe Jumamosi Tandale badala ya kusubiri wiki mbili za UMISSETA kwa mwaka. Wahitimu wa vyuo hivyo, ambao wamejaa kila wilaya ya nchi hii, wafunguliwe uanachama kwa simu na wachangie kidogo kidogo. Shilingi elfu moja ya mwalimu aliye Kigoma ina maana, kwa sababu mwezi ujao atatuma nyingine.

Hayo yote hayaleti ubingwa mwaka ujao. Pengine hayaleti hata miaka mitano ijayo. Mwenye haraka aendelee kusubiri tajiri, na matajiri wenyewe wanajua njia ya Tukuyu ilipo, wamekuwa wakipita kwenda mpakani Kasumulu miaka yote bila kusimama. Wanachuo hawapiti. Muhula ukifunguliwa wanashuka stendi na masanduku yao, mamia kwa mamia, na kati yao yupo winga, yupo beki wa kati, yupo kocha. Wanachosubiri ni mtu wa kuwauliza kama wanacheza mpira.